Out of Africa ilituharibia jina kuliko Rambo na Komando? Mjadala wa muvi za 1984 hadi 1986

MKONGWE WA MIKANDA (mleta mada):
Wakuu, kuna hukumu moja kuhusu muvi za katikati ya miaka ya themanini ambayo watu wameimeza bila kutafuna: kwamba za Stallone na Schwarzenegger zilikuwa upuuzi mtupu na propaganda, na Out of Africa ndiyo ilikuwa sanaa. Ukimuuliza mtu aliyesomasoma kidogo atakuimbia wimbo huohuo. Mimi nabisha. Kwa kupotosha habari za watu, Out of Africa imezizidi zote, ila yenyewe inapotosha kwa sauti ya chini na muziki mtamu.

Tuanze na hizi zinazochekwa. Rambo ya pili ilitoka 1985, ikapewa tuzo ya Razzie ya filamu mbovu kuliko zote za mwaka ule, na Stallone akabeba ya mwigizaji mbovu. Haki yao. Marekani ilishindwa Vietnam, halafu miaka kumi tangu Saigon ianguke anatumwa mtu mmoja na upinde wenye mishale ya kulipuka akawakomboe wafungwa wa vita. Kabla hajakubali anamuuliza kanali wake kama safari hii wataachiwa washinde. Siasa yote ya muvi iko kwenye swali hilo, na wala haijifichi. Hata Reagan, mateka wa ndege ya TWA walipoachiwa Beirut mwaka huohuo, alitania kwamba ameiangalia Rambo na sasa anajua cha kufanya siku nyingine.

Rocky IV ni mle mle. Ni muvi ya ngumi: Drago, mpinzani Mrusi, mazoezi yake ni ya mashine na sindano, Rocky anabeba magogo kwenye theluji, mwisho ukumbi mzima wa Moscow unamshangilia Mmarekani. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa anauziwa nini.

Na Komando ya Schwarzenegger? John Matrix, ndiye yeye, anaingia kwenye picha na gogo la mti begani, anang'oa kibanda cha simu na mtu akiwa ndani, anateketeza jeshi zima peke yake. Nchi yenyewe inayogombewa inaitwa Val Verde, haipo kwenye ramani yoyote. Waliotengeneza walijua wanatania, na sisi tuliojazana mbele ya video tulijua wanatania. Stelingi hafi, tukapiga makofi, tukaenda kulala.

Sasa njoo kwenye hiyo sanaa. Sydney Pollack alipiga picha Kenya kwenyewe, akiwa na Meryl Streep na Robert Redford, na Machi 1986 filamu ikazoa Oscar saba, ya filamu bora na ya mwongozaji bora zikiwemo. Kwa macho ni nzuri, sitaki unafiki: ile ndege ya njano inavyopita juu ya heroe, muziki wa John Barry, Redford anavyomuosha Streep nywele mtoni huku akimghania shairi. Lakini wenyeji wako wapi? Farah, msimamizi Msomali, ameigizwa na Malick Bowens, mtu wa Mali. Iman, ambaye ni Msomali kweli na alisoma Nairobi kabla ya kuwa mwanamitindo, yumo humohumo kama Mariammo na karibu hasemi kitu. Wakikuyu wanachuma kahawa. Muvi ina zaidi ya saa mbili na nusu, na hakuna anayeulizwa shamba lile lilikuwa la nani kabla Karen Blixen, yule mlowezi Mdenmark mwenye shamba la kahawa anayeigizwa na Streep, hajashuka Mombasa 1914.

Kilele chake ni pale Karen anapompigia magoti gavana mbele ya wageni, akiomba watu wake waachiwe pa kuishi. Kamera iko usoni mwake. Wenye shida yao hawapo hata mlangoni. Wavietnam wa Rambo angalau wanarudisha risasi.

Usiku uleule wa Oscar, The Color Purple ya Spielberg, muvi ya maisha ya Wamarekani weusi, ilikuwa imeteuliwa mara 11, sawasawa na Out of Africa, ikatoka mikono mitupu. Spielberg hakuteuliwa hata kama mwongozaji. Karibuni tujadili, matusi hapana.

BINTI LIMURU:
Mleta mada, umepiga mbio ukapitiliza. Ile filamu imetokana na kumbukumbu za mwanamke mmoja Mdenmark. Ulitaka asimulie kwa macho ya nani? Na si kweli kwamba inawabembeleza walowezi. Kuna Muthaiga Club pale, klabu ya walowezi Nairobi, mwanamke anafukuzwa baa kwa sababu tu ni mwanamke. Kuna Denys, mpenzi wake anayeigizwa na Redford, anayemwambia Karen kinaganaga kwamba wao si wenye nchi, ni wapita njia. Maneno hayo kwenye muvi ya mapenzi ya Hollywood, mwaka 1985, si haba.

Halafu tuzungumze na tumbo kidogo. Nyumba ya Blixen ilifunguliwa kuwa makumbusho 1986, na watalii hawakuja kwa sababu ya kahawa. Waigizaji wetu walipata kazi, akiwemo Ayub Ogada kabla dunia haijamjua kwa nyatiti yake. Ukitaka muvi iliyotudhalilisha, anza na Sheena ya 1984, nayo ilipigwa Kenya: msichana wa kizungu malkia wa kabila la kubuni, amepanda farasi aliyepakwa rangi awe punda milia. Hiyo mbona hujaigusa?

MWALIMU MSTAAFU:
Mimi nashangaa The Color Purple inavyoletwa hapa kama malaika. Ilipotoka, Wamarekani weusi wenyewe waliandamana, kwa hoja kwamba karibu kila mwanamume mweusi mle ndani ni mnyama: anayebaka ni yeye, anayepiga ni yeye, anayeficha barua za dada wa mtu ni yeye. Hoja ile haikujibiwa vizuri mpaka leo. Mapenzi ya Celie, mhusika mkuu, na Shug, mwimbaji, ambayo kwenye riwaya ya Alice Walker ndiyo nguzo, Spielberg aliyapunguza yakabaki busu.

Na Afrika yake je? Itazameni tena sehemu Celie anapomnyoa Mister, mumewe anayemtesa. Wembe uko shingoni, tunajua anawaza nini, Shug anakimbia kuja kumzuia. Spielberg anakatakata tukio hilo na picha za Afrika: watoto wanachanjwa nyuso, ngoma zinapigwa, kisu kinang'aa. Afrika inatumika kama kionjo cha damu ili Mmarekani aliyeko kwenye kiti apate jasho. Whoopi Goldberg aliigiza kwa ufundi wa hali ya juu, hilo halina ubishi. Lakini kama kipimo ni jinsi tulivyochorwa, Pollack na Spielberg wote wawili wamefeli.

KIBANDA UMIZA:
Nyie endeleeni na Oscar zenu, mimi Komando naiangalia hadi kesho. Ila mmesahau Indiana Jones ya 1984, Temple of Doom. Wahindi wanaletewa ubongo wa nyani mezani! Serikali ya India iliona mambo yaliyoandikwa mle ikaweka masharti, jamaa wakahamia Sri Lanka kupiga picha. Na bado kwetu ilipendwa.

MKONGWE WA MIKANDA:
Binti Limuru, Sheena sikuigusa kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeiamini. Farasi wa rangi humpotoshi naye mtu. Out of Africa iliaminiwa, ndiyo tofauti.

Chukua tukio la shule. Karen anataka watoto wa shambani wafundishwe kusoma, Chifu Kinanjui anakuja na kipimo cha urefu: watakaokipita wasifundishwe, maana si vizuri warefu wajue kuliko chifu. Watazamaji wanacheka. Mzungu ndiye anayetaka elimu, Mkikuyu ndiye kizuizi. Lakini Kinanjui yule ni chifu aliyewekwa na serikali ya kikoloni, na miaka hiyohiyo shamba linafilisika, mwanzoni mwa miaka ya thelathini, Wakikuyu walikuwa wanajijengea shule zao huru kwa michango yao wenyewe baada ya kugombana na wamisionari. Mwaka 1922 Harry Thuku, mwanasiasa Mkikuyu, anakamatwa kwa kupinga kodi na kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Waafrika, umati unakusanyika Nairobi, polisi wanafyatua risasi, watu wanakufa. Shamba liko Ngong, pua na mdomo na mjini. Filamu inaanzia kabla ya vita vya kwanza vya dunia hadi 1931 na haikusikia hata mlio.

Kuhusu makumbusho na ajira, sawa, watu walikula. Sikuuliza nani alilipwa.

BINTI LIMURU:
Hapo kwa Thuku sina la kujibu. Kwa Denys bado nipo palepale.

MWALIMU MSTAAFU:
Mnabishana kana kwamba mwaka ule zilikuwa muvi mbili. Walioteuliwa uongozaji bora pamoja na Pollack alikuwemo Mjapani Akira Kurosawa kwa muvi yake Ran, mzee wa miaka 75, ameihamishia hadithi ya Mfalme Lear ya Shakespeare kwenye Japani ya mabwana wa vita. Kuna vita nzima mle ambayo hausikii panga wala kelele, muziki tu, mpaka bunduki moja inalia. Ikaambulia Oscar ya mavazi. Hapa nani ameiona, au wote mlikuwa kwa Komando?