Kundi la simu la Majirani wa Kichochoro, Mukuru kwa Reuben, Nairobi

Mama Achieng: Majirani hamjambo. Kesho Alhamisi saa nne asubuhi kuna kikao cha kutoa maoni kuhusu mpango wa maendeleo wa kaunti. Tangazo nimelikuta leo jioni, limebandikwa ndani ya geti la ofisi. Aliye nje hawezi kulisoma.

Fundi Musyoka: Saa nne siku ya kazi? Mimi niko kibarua Viwandani. Nikikosa siku moja mwingine anachukua nafasi yangu.

Baba Kerubo: Mniwie radhi, mimi sirudi huko. Mwaka jana nilienda nikiwa na hoja yangu ya mtaro. Aliyeshika maiki alisalimia kwa Kiswahili, kisha akahamia lugha ya kwao mpaka mwisho. Watu wanacheka, wanapiga makofi, mimi sijui tumekubaliana nini. Nikatoka.

Mama Achieng: Baba Kerubo, hiyo lugha ni yangu. Nilikuwa mle ndani, nikakuona ukitoka, nikanyamaza. Imeniuma mwaka mzima. Kesho ikianza tena nitasimama niombe Kiswahili. Nalisema hapa mbele ya wote ili mnidai.

Baba Kerubo: Asante mama. Sikujua uliniona.

Bi Halima: Na sisi wapangaji je? Tukisema kitu tunaambiwa mwenye ploti ndiye anayejua.

Mama Achieng: Dada Halima, juzi nani alitumbukia mtaroni pale ubao wa kuvukia ulipooza, ni mtoto wa mwenye ploti?

Bi Halima: Ni wangu. Alizama hadi magotini. Kiatu kimoja hatukukipata, na ni cha shule.

Mama Achieng: Basi wewe ndiye unayeujua huo mtaro.

Mzee Juma: Halima mwanangu, nikukumbushe jambo. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa: kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kaya zaidi ya 100,000. Tulipangwa nyumba kumi kumi. Kila kumi ikatoa mtu wake, na kumi kumi zikaungana kuwa baraza dogo la kaya kama mia hivi. Waliokaa pamoja ni watu wa ukuta kwa ukuta, mpangaji na mwenye banda. Mimi nilikaa na jirani ambaye tangu vurugu za baada ya uchaguzi, 2008, tulikuwa tunasalimiana tu, basi. Tulianza kuongea tukipima upana wa njia, yeye kashika kamba upande ule, mimi huku.

Wanjiku wa Saluni: Shikamoo mzee. Naomba niongeze, kwa sababu hapa ndipo tunapopotezwa kila mwaka. Huu mpango wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti yanakuja baadaye, kufikia tarehe 30 Aprili. Sisi hujitokeza Mei, mvua ikishaingia ndani ya nyumba, tukilia na mtaro. Tunajibiwa mradi haumo kwenye mpango. Na kweli haumo! Agosti hatukuuandika.

Fundi Musyoka: Kumbe. Miaka yote nilidhani wanatuzungusha tu.

Wanjiku wa Saluni: Kuzungushwa kupo pia kaka, lakini tusiwape mlango. Ushirikishaji wa wananchi umo katika Ibara ya 10 ya Katiba, si hisani ya mtu. Na maoni yanaweza kupelekwa kwa maandishi. Asiyeweza kufika kesho aandike leo.

Mzee Juma: Anzeni na ploti saba zinazotumia kile choo cha bati, chenye mlango wa kufungwa kwa waya. Asubuhi foleni ile ina makabila yote ya kichochoro hiki.

Mama Achieng: Nina daftari jipya. Tuombe mambo matatu tu: mtaro ufunikwe kutoka kwa mama mboga hadi barabarani, choo, na vikao viwe Jumamosi alasiri kwa Kiswahili. Nani atapita na daftari usiku huu?

Baba Kerubo: Nipe mimi.

Bi Halima: Twende wote Baba Kerubo. Ploti ya nyuma wananijua, na yule bibi wa chumba cha mwisho hasikii Kiswahili vizuri, nitamweleza.

Fundi Musyoka: Nipitieni kwanza, nalala mapema. Na ubao wa pale nitaubadilisha Jumapili, nina mbao mbili zimebaki. Huo si wa kungoja mpango.

Bi Halima: Mungu akubariki Musyoka.

*Saa tatu na nusu usiku*

Baba Kerubo: Majina 61. Bibi wa chumba cha mwisho ameweka kidole gumba, tulimpaka wino wa kalamu. Halafu akatuuliza kama anaweza kuongeza la kwake: taa. Anaogopa kutoka usiku kwenda chooni. Tumeliandika la nne.

Wanjiku wa Saluni: Vizuri sana. Nitapiga picha kurasa zote kabla hatujazikabidhi, na mpokeaji atugongee muhuri kwenye nakala yetu.

Baba Kerubo: Mama Achieng, kesho nitakaa kiti cha karibu na wewe. Ukisimama, nami nasimama.

Mama Achieng: Saa tatu na nusu asubuhi tukutane kwa mama mboga. Nyumba gani imebaki?

Bi Halima: Ile ya mlango wa kijani. Tumegonga mara mbili.

Mama Achieng: Huyo hurudi saa tano kutoka kazini. Niachieni daftari, nitamsubiri nje na tochi.