Mrejesho: mwanga mwekundu na elektroni za sodiamu

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini mwanga mwekundu, hata uwe mkali vipi, haung'oi elektroni kwenye sodiamu, ilhali zambarau hafifu huzing'oa papo hapo. Nimepiga hesabu mliyonielekeza. Fotoni (chembe ya mwanga) nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 700 hubeba nishati ya elektronivolti 1.8 hivi, ilhali sodiamu inadai takriban 2.3 ili kuachia elektroni moja. Kuongeza ukali ni kuongeza idadi ya fotoni zile zile zisizotosha. Zambarau ya nanomita 400 ina 3.1, kwa hiyo elektroni huweza kutoka na hadi 0.8 iliyobaki. Kilichonifurahisha zaidi ni grafu: nishati hiyo ya juu kabisa inayobaki dhidi ya masafa ya mwanga (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ni mstari ulionyooka, na mteremko wake ni konstanti ya Planck (namba inayounganisha nishati ya fotoni na masafa yake), kwa metali yoyote ile! Ndivyo mwanafizikia Millikan alivyoipima konstanti hiyo, akachapisha 1916.