Kutolewa rektamu na si saratani: nani amepitia?

Mkaazi_Umoja: Wadau, hamjambo. Mwaka juzi nilikatwa utumbo mpana wote kwa sababu ya kolaitisi ya vidonda, ule ugonjwa wa vidonda na uvimbe ndani ya utumbo mpana. Wakaniwekea mfuko tumboni, rektamu, yaani kipande cha mwisho cha utumbo kabla ya mkundu, wakaiacha. Haipitishi kitu, lakini inatoa ute na damu. Juzi kwenye matatu ya Jogoo Road nilikalia sweta langu mpaka Donholm. Daktari anataka kuitoa. Nina miaka 34, sijaoa, na kinachonitisha ni mambo ya chumbani. Nisiwafiche.

Shosh_wa_Mfuko: Pole mwanangu. Mimi nilitolewa na mkundu ukashonwa kabisa. Kidonda cha nyuma ndicho kilichonitesa, miezi minne nakaa upande mmoja kama kuku anayeatamia. Ute uliisha siku ileile.

Nesi_Mstaafu: Muulize atakata wapi. Kwa saratani hutoa na mafuta yanayoizunguka. Kwa ugonjwa wako anaweza kufuata ukuta wa rektamu yenyewe, mbali na neva za uume na kibofu. Hatari inapungua, haiishi. Akiacha msuli wa nje wa mkundu, kidonda huwa kidogo. Uliza pia kuhusu kuhifadhi mbegu. Na ukiamua kungoja, kisiki hicho cha rektamu kipimwe kwa kamera, maana kinaweza kuota saratani.

Mkaazi_Umoja: Na ile pochi ya ndani inayoshonwa kwa utumbo mwembamba, ya kutumia choo kawaida?

Nesi_Mstaafu: Madaktari wapasuaji Parks na Nicholls waliieleza London mwaka 1978. Inawezekana, ila misuli ya mkundu iwe imara na ugonjwa usiwe Crohn, ule unaoweza kushika hata utumbo mwembamba. Ukishonwa kama Shosh, pochi basi. Liulize hilo kwanza.

Mkaazi_Umoja: Asante. Kliniki ni Jumanne, nimeyaandika nyuma ya kadi.