Filamu ya kwanza ya Stanley Kubrick: je, alikuwa na haki ya kuikana?

Mtoa mada:

Ndugu wachangiaji, naomba tuijadili Fear and Desire, filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji wa Marekani Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1953 na ambayo mwenyewe aliionea aibu hadi alipofariki mwaka 1999. Ilipopangiwa kuonyeshwa tena New York mwaka 1994, aliwapelekea waandishi wa habari ujumbe kwamba hilo lilikuwa zoezi tu la mtu asiyejua kazi. Leo imesafishwa na inapatikana. Wako wanaosema ingeachwa ifie kabatini, na wako wanaoiita lulu iliyofichwa. Mimi naona filamu ni mbovu kweli, ila ubovu wake uko masikioni zaidi kuliko machoni.

Ndege ya wanajeshi wanne imeanguka nyuma ya safu za adui, katika vita visivyo na nchi wala mwaka, nao wanaunda chelezo ili wateremke mtoni kurudi kwao. Kisa hicho kinatosha. Tatizo ni kwamba kila mmoja wao, hata akiwa na njaa na kifo kikiwa hatua chache mbele yake, hutoa hotuba kuhusu maana ya kuishi. Msimulizi naye huanza kwa kutufafanulia kwamba maadui hawa ni zao la akili zetu, ilhali baadaye tunawaona Kenneth Harp na Steve Coit, waigizaji walewale, wakicheza pia maofisa wa upande wa pili. Jambo lingejieleza lenyewe. Isitoshe, sauti haikurekodiwa porini bali ilipachikwa baadaye, na mtazamaji huisikia ikielea mbali na midomo.

Sasa zima sauti, utazame wanavyovamia kibanda ambamo askari wawili wa adui wanakula. Pigo lenyewe huonyeshwa kidogo sana; kinachoonekana ni mkono unaokamua chakula hadi kinapenya kati ya vidole, kisha uso, kisha mkono tena. Wakishaua, wauaji wanaketi na kula kilichobaki, kimekwisha kupoa. Aliyeongoza tukio hilo ni kijana wa miaka 22, aliyetoka kupigia picha jarida la Look, akitumia fedha ambazo sehemu kubwa alipewa na mjomba wake, na kamera na uhariri vyote viko mikononi mwake.

Mchangiaji:

Ndugu mtoa mada, kibanda nakikubali, lakini unamtupia mwandishi mzigo wote. Howard Sackler huyohuyo alikuja kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1969 kwa tamthilia yake, kwa hiyo kipaji kilikuwepo. Aliyekosekana ni mwongozaji wa kumwambia akate. Kisha umeruka tukio ambalo macho nayo yanashindwa. Msichana waliyemteka na kumfunga mtini analindwa na kijana Sidney, mmoja wa wale wanajeshi wanne, anayechezwa na Paul Mazursky. Sidney anamnywesha maji kwa kiganja chake, na hapo tunaogopa kweli. Baada ya hapo mwigizaji anaanza kukodoa macho, kucheka na kujigaragaza, na kamera inamwachia tu kwa dakika kadhaa mpaka hofu yote inayeyuka. Hilo si kosa la sauti. Kuhusu haki, naona msanii aliyeiuza kazi yake kwa watazamaji anaweza kuikana, bali hawezi kuwadai wasiione.

Mtoa mada:

Kuhusu Mazursky nimeshindwa, na kuhusu haki hatuna ugomvi. Hata hivyo, nakuomba ubaki kidogo kwenye kile kiganja chenye maji. Msichana hana lugha ya kuwajibu waliomteka, anajua wanachoweza kumfanyia, na kijana mwenye bunduki anamwogopa kuliko anavyomwogopa adui. Katika Paths of Glory ya mwaka 1957, Kubrick anamweka msichana wa Kijerumani mbele ya askari wa Kifaransa wanaomzomea, naye anaimba huku kamera ikipita usoni mwa mmoja baada ya mwingine mpaka wananyamaza. Katika Full Metal Jacket ya mwaka 1987, askari wanamzunguka msichana mdunguaji aliyelala sakafuni akiomba wammalize. Ningependa kusikia kutoka kwa anayesema filamu ya 1953 ingeachwa kabatini: matukio hayo mawili anayaona yameanzia wapi?