Mrejesho: risiva ya zamani isiyo na HDMI sasa inatoa sauti ya 5.1 (chaneli 6)

Asanteni wakuu. Kwa waliokosa swali: risiva (kikuza sauti cha spika za sebuleni) ina matundu ya sauti ya kidijitali ya optiko (waya wa mwanga) na koaksia tu, taa ya Dolby Digital (sauti ya 5.1 iliyobanwa) haikuwaka, na spika za nyuma zilitoa Pro Logic, yaani sauti ya kubahatisha inayokisiwa kutoka stereo.

Kwanza, menyu ya sauti ya TV ilikuwa kwenye PCM (sauti isiyobanwa). Kwa optiko, PCM hubeba chaneli 2 tu, hata filamu iwe na 6. Weka "Dolby Digital". TV nyingine huandika "Bitstream". Dolby Digital Plus na TrueHD, ambazo ni aina nyingine za sauti ya Dolby, waya huo hauzibebi.

Kilichosumbua zaidi ni hiki: programu za ndani ya TV zilitoa 5.1 sawasawa, lakini sauti ya deki ya DVD iliyoingia kwa HDMI ilishushwa kuwa stereo kabla ya kufika optiko. Dawa ni kupeleka optiko kutoka deki moja kwa moja hadi risiva. Kama deki haina tundu hilo, ulizia Luthuli Avenue, Nairobi, kisanduku cha kutoa sauti kwenye HDMI, chenye swichi ya 2CH na 5.1CH. Usikubali kuuziwa kile cha kugeuza optiko kuwa RCA (zile pini mbili za sauti) nyekundu na nyeupe. Hicho mwisho wake ni stereo, muuzaji aseme atakavyo.

Kwenye menyu ya risiva, Optical 1 ipangiwe DVD na ingizo liwe "Auto". Toa vile vifuniko vya plastiki kwenye ncha za waya, taa nyekundu ionekane.

Spika ya nyuma kushoto ilikuwa chini kidogo. +3 dB imeitosha.