Nimeambiwa nikamlete Bakuli. BAKULI, wakuu!

Mguu Sawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mkono unatetemeka, na si uzee, ni hasira. Nimetoka pale ofisini sasa hivi, kufuatilia jina langu lililokosewa kwenye faili la jeshi, hata viatu sijavua. Pale mnapajua. Na yeye mnamjua, simtaji. Dirisha la tatu, miwani kaipandisha utosini, kikombe cha chai kakifunika na sahani utadhani ni siri ya taifa.

Mimi naitwa Bakari. Baba aliniita Bakari, mama aliniita Bakari. Mwalimu wa kwata depo aliniita majina mengine, lakini hayo mods watayafuta. Mwaka 1977 nikaandikishwa jeshi. Karani wa kwanza aliandika kwa mkono, na a yake ya pili ilikuwa wazi juu, ukiitazama ni u kabisa. Faili likaenda kwa mpiga taipu ambaye kwake r na l ni mtu na mdogo wake. Wawili hao wakanizaa upya: BAKULI.

Namba ya jeshi ni yangu. Mwaka wa kuzaliwa wangu. Jina la baba ni la baba yangu. Hadi kovu chini ya jicho la kushoto limeandikwa. Jina tu ndilo chombo cha jikoni.

Msiniulize kwa nini sikuona mapema. Kikosini tuliitwa kwa namba na majina ya baba zetu. Nilipotoka nilipewa hati, nikaikunja, nikaitia sandukuni. Nani anakaa chini kusoma jina lake mwenyewe?

Leo ni mara ya nne. Nina kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji, kiapo cha wakili chenye muhuri mwekundu, na picha nne ambazo nimetoka kama mtuhumiwa. Akalifungua faili polepole kama anamenya yai la moto. Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena. Kisha kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mzee, hapa aliyepigana vita ni Bakuli. Wewe ni Bakari. Kamlete Bakuli aje athibitishe kwamba wewe ndiye yeye."

KAMLETE BAKULI.

Nikamwuliza, mwanangu, huyo Bakuli nikimleta atakuja na kitambulisho gani? Akafunua sahani, akanywa chai.

Wakuu, vita vya Kagera, pale Kyaka tulikuta daraja limelala mtoni. Kutoka Mutukula tumeipiga kwa miguu, Masaka, Lukaya ambako Walibya walitushukia, mpaka Aprili 11, 1979 Kampala ikawa mikononi mwetu. Malengelenge niliyoyapata njia nzima ningeweza kuyauza kwa kilo. Sasa naambiwa yote yale kafanya Bakuli! Bakuli ndiye aliyebeba sanduku la risasi begani? Bakuli ndiye aliyelala kwenye handaki lenye maji ya magotini?

Foleni nzima ilicheka. Kuna bibi nyuma yangu mtandio ulimdondoka kwa kucheka, na yeye mwenyewe kaja na matatizo ya jina.

Kamlete Bakuli. Nimerudi na basi, njia nzima nasikia konda anaita "Bakuli, Bakuli". Kumbe anaita "bado kiti". Nimechoka.

---

Konokono Mkali

Shikamoo Mzee Bakuli.

Mguu Sawa

Marahaba. Na usinizoee.

Binti Sabuni

Jamani huyo wa dirisha la tatu! Mimi aliniambia picha yangu haifanani na mimi. Nikamwambia mimi ndiye nimekuja nayo. Akasema ndiyo maana ana wasiwasi.

Fundi Redio

Mzee ana bahati. Wangeandika Sufuria angeambiwa arudi na mfuniko.

Konokono Mkali

😂😂😂 Sahani ya kufunikia chai ndiyo shahidi wake. Bakuli na sahani wametoka kabati moja, mwite akuapie.

Mjukuu wa Tatu

Samahani wakuu, kuna jambo hapa la maana. Babu, umeambiwa uandike hati ya kubadili jina? Maana huwa wanasukuma watu huko. USIKUBALI. Wewe hujabadili jina, wao ndio wamekosea. Ukisaini kwamba umebadili jina, umekiri kwamba ulikuwa Bakuli kweli na sasa umeamua kuwa Bakari. Kiapo chako kiseme hivi: majina yote mawili ni ya mtu mmoja, jina sahihi ni hili, lile ni kosa la uandishi, na namba ya jeshi ni hii. Peleka nakala, halisi ubaki nayo. Na uombe wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, wenye tarehe.

Fundi Redio

Mwanasheria kaingia. Bakuli apewe wakili wake pia, haki isawazishwe.

Mguu Sawa

Mjukuu, ahsante. Kiapo kinasema hivyo hivyo neno kwa neno. Alikisoma, akasema, "Hiki ameapa Bakari. Bakuli hajaapa."

HAJAAPA. Bakuli hajaapa, wakuu. Naomba mniache kidogo ninywe maji.

Ngalawa Mbovu

Mzee wa Kampala 1979 anaandika uzi wenye herufi kubwa na anajibu kwa kasi hii? Huyu ni kijana anatafuta laiki. Haya tuambie, yale makombora yaliyokuwa yanalia, Waganda waliyaitaje?

Mguu Sawa

Saba Saba. Na lilipolia la kwanza, wewe baba yako alikuwa hajaota ndevu. Pita kushoto.

Konokono Mkali

Amejibu Bakuli huyo, Bakari asingejua.

Mama Pacha

Mzee pole, ila mshukuru Mungu una faili la kukosewa. Baba yangu alikwenda vitani kama mgambo. Alitoka shambani, akafundishwa bunduki, akapelekwa mbele, akarudi na mguu mmoja mfupi. Mimi nimezunguka miaka kutafuta karatasi yake. Hakuna Bakuli, hakuna Kijiko, hakuna chochote. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, anavaa shati lake jeupe anakaa mbele ya redio mpaka iishe.

Mguu Sawa

Mama Pacha, mpe mkono wangu. Mgambo tulikuwa nao bega kwa bega, wengine wamelala makaburi ya mashujaa Kaboya pale.

Fundi Redio

Mimi nina swali la vita. Mwalimu Nyerere alituambia tufunge mkanda miezi 18. Naomba kujua imebaki mingapi.

Binti Sabuni

Mkanda wenyewe nimeshauongeza matundu mawili kwa msumari.

Kinyozi wa Usiku

Mnacheka ya Bakuli, njooni kwangu. Cheti cha kidato cha nne Selemani, cha kuzaliwa Suleiman, kitambulisho Sulemani, kadi ya kliniki ya mama Sele. Tuko wanne. Kazi niliitwa, wakataka tuje wote.

Mama Pacha

Na wanawake ambao ubini wa mume umeingia kwenye karatasi moja na nyingine haujaingia? Mume mwenyewe keshaondoka, jina limebaki kama deni.

Binti Sabuni

Mama Pacha umenigusa. Fungua uzi wako tuje huko.

Ngalawa Mbovu

Kinachoniudhi pale si dirisha la tatu. Ni yule wa fotokopi nje. Karatasi moja anakutoza kama anakuuzia kiwanja, halafu inatoka ina mstari mweusi katikati ya uso. Ndani wanakataa, unarudi kwake tena. Hawa wana mkataba.

Kinyozi wa Usiku

WANA MKATABA! Mimi nilimwambia afute kioo cha mashine, akakifuta na kofia.

Konokono Mkali

Kuna mwingine ukivuka barabara, chini ya mwembe. Huyo mashine yake nzuri, tatizo umeme wake anavuta kwa kinyozi. Clipa ikiwashwa, karatasi inakwama.

Mguu Sawa

Wakuu, uzi wangu ulikuwa wa jina. Kesho asubuhi narudi pale na nakala mpya, nataka anigongee muhuri kama alivyosema mjukuu.

Ngalawa Mbovu

Utatoa nakala wapi?

Mguu Sawa

Huyo wa chini ya mwembe anafungua saa ngapi?