Naomba ushauri: kufuta diski kabla ya kuirudisha kwa waranti

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Mtwara mjini, nina stesheneri karibu na stendi. Diski yangu ya nje ya TB 1 imeanza kugonga ka-ka-ka. Mara kompyuta inaiona, mara haioni kabisa. Waranti bado ipo, na muuzaji wa Dar anataka niitume kwa basi anipe nyingine.

Shida ni vilivyomo: nakala za vitambulisho vya NIDA vya wateja, na orodha za wakulima wa korosho wa chama cha msingi, majina hadi akaunti za benki. Hizo simkabidhi fundi nisiyemjua, hata kwa soda.

Kufomati haraka kunaondoa faharasa tu (orodha ya mafaili yalipo), mafaili yanarudishwa vizuri kabisa. Nimejaribu kuandika sifuri diski nzima ili kufunika data, kwa diskpart (programu ya Windows ya kusimamia diski), inafika mahali inagoma. Nadhani sekta (vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) zimekufa. Kuitoboa kwa drili ndiyo dawa, ila waranti nayo kwaheri.

Kuna programu inayoruka sekta mbovu na kuendelea kufuta? Au yupo aliyewahi kukubaliana na muuzaji abaki na diski yake? Kama jibu ni kununua mpya tu, semeni. Msimu wa korosho bado, lakini tutajibana.